Naomba ushauri: utafiti wangu wa mazoezi ya kufundisha umekwama kwenye dodoso. Nibadili swali au niendelee?

Mwalimu Tarajali (mwanzisha uzi)

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu tarajali wa hisabati, na kwa sasa niko shuleni kwa mazoezi ya kufundisha ya majuma manane. Majuma matatu yamekwisha na la mwisho ni la mitihani, kwa hiyo nimebakiwa na majuma manne ya kufanya kazi ya kueleweka. Chuo kinanidai ripoti ya utafiti uliofanyika katika darasa ninalolifundisha. Mada niliyopitishiwa ni “Sababu zinazowafanya wanafunzi wasifanye vizuri katika hisabati”, na nimeandaa dodoso lenye maswali 40.

Juma lililopita niliwagawia wanafunzi wote 46, nikakaa mezani mbele ya darasa wakati wanajaza. Jioni nilipoyapitia madodoso nikakuta wanafunzi 41 wametia vema kwenye “Ninakubali sana” tangu swali la kwanza hadi la mwisho, hata kwenye maswali mawili yanayopingana: “Mwalimu wangu hufundisha kwa kueleweka” na “Mwalimu wangu hufundisha haraka mno hadi sielewi”. Mmoja aliandika pembeni kwa penseli: “Mwalimu, hii itaingia kwenye matokeo?”

Wakati huohuo, katika kusahihisha madaftari, nimekutana na jambo linaloninyima usingizi kuliko hilo dodoso. Nilitoa zoezi la kujumlisha sehemu, na wanafunzi 19 wakaandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Nilikuwa nimefundisha kigawe kidogo cha shirika kwa vipindi vinne, na kila nilipouliza kama wameelewa waliitikia kwa pamoja kwamba wameelewa.

Je, niendelee na dodoso kwa kuwa mada imeshapitishwa, au nimwombe msimamizi nibadili swali ingawa muda umekwenda? Na nikibadili, utafiti unaohusu kosa moja tu katika darasa moja utahesabiwa kuwa utafiti?

Msimamizi Mstaafu

Mwanangu, nimesimamia ripoti za namna hii kwa miaka mingi, na naomba nikueleze bila kuzunguka. Hiyo mada uliyopitishiwa haijawa swali. Sababu za wanafunzi kutofanya vizuri zinaweza kuwa nyumbani, katika lugha ya kufundishia, katika vitabu, katika msingi wa madarasa ya chini au kwako wewe mwenyewe, na hakuna mtu awezaye kuzipambanua zote kwa majuma manne akiwa na darasa moja mkononi. Ukiendelea nayo utaishia kuandika orodha ambayo msomaji wako aliijua kabla hujafika shuleni.

Kuhusu dodoso, wanafunzi wako hawakukudanganya. Walijibu kama anavyojibu mtoto anapoulizwa na mtu yuleyule anayemsahihishia daftari, naye ameketi mbele yake akimtazama. Yule wa penseli alikuuliza swali la maana kuliko yote 40 uliyoyaandika: alitaka kujua wewe leo ni mwalimu au ni mtafiti.

Kosa la 2/5 ndilo utafiti wako. Mwanasaikolojia Kurt Lewin alipoandika mwaka 1946 kuhusu utafiti tendaji, alieleza kazi inayokwenda kwa mizunguko: unapanga, unatenda, unachunguza kilichotokea, kisha unapanga upya kwa kuzingatia ulichokiona. Majuma manne yanatosha mizunguko miwili ikiwa swali ni dogo. Mimi ningeliandika hivi: “Wanafunzi wa darasa langu wanafikiri nini wanapojumlisha asili kwa asili, na fikra hiyo inabadilikaje nikianza na michoro kabla ya kanuni?” Mwone msimamizi wako kesho, umpelekee nakala za kurasa chache za madaftari zilizofichwa majina. Wasimamizi wengi hukubali mabadiliko wakioneshwa ushahidi. Wakipelekewa malalamiko matupu ndipo wanapokuwa wagumu.

Mpenda Takwimu

Nakubaliana na kupunguza swali, lakini nina shaka na utafiti usio na kundi la kulinganisha. Kama shule ina mikondo miwili, fundisha mkondo mmoja kwa michoro na mwingine kwa kanuni peke yake, kisha upime yote miwili. La sivyo utajuaje kwamba mabadiliko yametokana na michoro?

Mama Mlezi

Mpenda Takwimu, hoja yako ni nzuri kitabuni, lakini mimi ni mwalimu wa darasa ninayepokea walimu tarajali kila mwaka, na naomba uingie nami darasani. Mikondo miwili haifanani: mmoja hufundishwa asubuhi watoto wakiwa macho, mwingine mchana wakiwa wamechoka, tena mara nyingi waligawanywa kwa ufaulu tangu mwanzo. Tofauti utakayoipata hutajua ni ya michoro au ni ya saa ya kipindi. Zaidi ya hapo, kama mwalimu anaamini kwamba michoro inasaidia, kwa haki gani anawanyima nusu ya watoto ili tu ripoti yake ipendeze?

Kwako Mwalimu Tarajali, nina neno kuhusu ruhusa, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibikiwa. Kibali cha mkuu wa shule hakikutoshi. Aliwahi kuja kwangu mwanachuo mmoja mwenye bidii, nikampa darasa, madaftari na hata maandalio yangu ya somo. Ripoti yake ilipofika shuleni nikasoma kwamba “mwalimu wa darasa hutumia mbinu zilizopitwa na wakati”. Hakuwa ameniuliza hata mara moja kwa nini ninafundisha nifundishavyo, na mimi sikujua kwamba nami nilikuwa nachunguzwa. Niliumia, na kwa miaka miwili sikumpokea mwanachuo mwingine. Kwa hiyo mweleze mwalimu mwenye darasa swali lako kabla hujaanza, mwombe azungumze, na umsomee utakachoandika kumhusu kabla hakijatoka.

Watoto nao waulizwe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Pata idhini ya wazazi kwa utaratibu wa shule, kisha waambie watoto kwa maneno mepesi unachotaka kujua, kwamba hakitaingia kwenye matokeo, na kwamba anayekataa kuhojiwa hatapoteza chochote. Umaanishe hivyo. Atakayekataa usimtazame kwa jicho la chini kesho yake.

Mwalimu Tarajali

Shikamoo Msimamizi Mstaafu, shikamoo Mama Mlezi, na wote nawashukuru. Nimefanya mlivyoniagiza. Msimamizi amekubali swali jipya baada ya kuona kurasa sita za madaftari. Mwalimu wa darasa alinyamaza kidogo nilipomweleza, kisha akaniambia kwamba kosa hilo analiona kila mwaka na angependa naye ajue linatoka wapi.

Jana, kwa idhini yao na ya wazazi wao, nimezungumza na wanafunzi watano, mmoja mmoja, tukiwa tumekaa ubavu kwa ubavu nje ya darasa. Nilimpa kila mmoja karatasi, nikamwomba afanye hesabu huku akisema kwa sauti anachokifikiri. Wawili walisema tu kwamba alama ya kujumlisha inaamuru kujumlisha kila kitu. Wa tatu alinifunga mdomo. Alisema: “Mwalimu, kwenye michezo nilitupa mpira mara mbili nikaingiza mmoja. Nikatupa tena mara tatu nikaingiza mmoja. Jumla nimeingiza miwili katika mitano. Sasa nimekosea wapi?” Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia nitarudi. Nimjibu nini?

Msimamizi Mstaafu

Marahaba. Hongera kwa kumwambia utarudi badala ya kumzima.

Mtoto huyo hajakosea hesabu ya mpira. Mitupo mitano ni kizima kipya kilichopatikana kwa kuunganisha vizima viwili, cha mitupo miwili na cha mitupo mitatu, ndiyo maana asili inajumlishwa. Katika 1/2 + 1/3 ya zoezi lako, nusu na theluthi ni za kizima kilekile kimoja. Kwa hiyo alichokosa ni kujua sehemu hizo ni za nini, na hilo kanuni ya kigawe kidogo cha shirika haimwelezi, hata ukiirudia kwa vipindi kumi.

Mrudie na ukanda wa karatasi uliokunjwa vyumba sita vilivyo sawa. Apake rangi nusu ya ukanda, vyumba vitatu, kisha apake theluthi ya ukanda uleule, vyumba viwili. Ataona vyumba vitano kati ya sita. Halafu muulize kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2, na unyamaze umsubiri. Akigundua kwamba alianza na nusu, akaongeza kitu, akapata kilicho pungufu ya nusu, andika katika shajara yako maneno yake yaleyale siku hiyohiyo, usiyasafishe. Maneno ya mtoto huyo kuhusu mpira yana uzito katika ripoti yako kuliko jedwali lolote.

Mpenda Takwimu

Mama Mlezi amenipa la kufikiri, na suala la kuwanyima watoto sikulipima vya kutosha. Sitadai tena mkondo wa pili. Naomba tu vipimo viwe vya haki. Toa jaribio fupi kabla ya michoro, jingine baada yake lenye namba tofauti, na la tatu majuma mawili baadaye bila kuwatangazia, kwa kuwa jibu sahihi la siku ileile linaweza kuwa kumbukumbu tu. Wahesabu wale waliofanya majaribio yote matatu, na useme ni wangapi walikosekana. Waliokuwa wakipata kisha wakaanza kukosa, nao uwaandike.

Pia kumbuka kwamba mtu akijua anachunguzwa hubadilika. Majaribio ya kiwandani Hawthorne, karibu na Chicago, kati ya 1924 na 1932, ndiyo yaliyolifanya jambo hilo lizungumzwe sana, ingawa watafiti wamebishana juu ya matokeo yake. Wewe ni mgeni darasani na una karatasi za rangi. Huenda sehemu ya bidii yao ni kwa sababu yako. Liandike wazi katika mipaka ya utafiti.

Mwalimu Tarajali

Nitafanya hivyo. Swali langu la mwisho ni kuhusu yale madodoso 46. Niyachane?

Mama Mlezi

Usiyachane, na usijaribu kuyatoa matokeo kwa nguvu. Yaweke katika sura ya mbinu kama jaribio la awali. Eleza ulivyokaa mezani, walivyotia vema, na namna hilo lilivyokufanya uhamie kwenye mazungumzo. Msomaji ataona ulivyofikia uamuzi wako, na mwanachuo ajaye hatapoteza majuma matatu. Futa majina, mpe kila mtoto namba, na orodha ya namba na majina ikae mbali na karatasi zenyewe.

Na yule wa penseli, kama hujamjibu, mjibu kesho kabla ya kipindi.