Naomba ushauri: dogo kamaliza chuo cha animesheni, kazi ya kwanza anaipataje?

Wakuu habari zenu, mdogo wangu kasomea animesheni na kuedit video, programu za kazi hizo, Blender na DaVinci Resolve, anazikimbiza vizuri tu ila kila akiomba kazi anaulizwa uzoefu, sasa huo uzoefu ataupata wapi kama hakuna wa kumuanzisha? Video yake ya kuonyesha kazi ina dakika 6, mi nikamwambia akate ibaki moja, kazi kali zikae mwanzo maana bosi gani ana muda huo, kagoma (mbishi huyo!). Sasa kuna studio inataka awatengenezee tangazo zima bure eti majaribio, mi naona anapigwa. Akubali au atafute wateja wadogo wadogo kwanza? Mliopita huko mlianzaje?