Mama mdogo akatwe titi hapa Kisumu, au twende penye kile kifaa cha mionzi?

Jirani_wa_Kibuye: Wadau, salaam. Mamangu mdogo amekutwa na saratani ya titi. Uvimbe bado mdogo, na daktari hajahisi kitu kwapani. Anaambiwa tezi zote za kwapa zitatolewa. Binti yake wa Nairobi anasema kuna mahali wanadunga dawa ya mionzi, kisha kifaa kinalia penye tezi, wanatoa chache tu. Mama kusikia mionzi amegoma: "Mnataka kunichoma?" Anauza omena, mkono ndio riziki. Tufanyeje?

Nesi_wa_Thieta: Pole. Hicho kifaa hakitoi mionzi, kinaipokea tu. Mionzi imo kwenye dawa, teknetiamu-99m, kiasi kidogo sana, na nguvu yake hupungua nusu kila saa 6. Si ile tiba ya kuchoma. Dawa hupita njia ambayo saratani ingepitia ikitoka titini, ikafikia tezi ya kwanza. Kifaa kikilia hapo, tezi inatolewa na kupimwa. Ikiwa safi, nyingine zinaachwa.

Mama_Nakuru: Mimi walizitoa zote, na silaumu mtu, saratani ilikuwa imeshafika huko. Lakini mkono huvimba nikibeba ndoo, nashinda na mpira wa kuubana. Muuza omena aulize kabla ya kutia sahihi!

Mzee_Kakamega: Na nauli? Na foleni? Mkizunguka mkitafuta mashine, uvimbe nao unakua.

Nesi_wa_Thieta: Mzee ana hoja. Ndiyo maana ningeanza na swali moja kwa daktari wenu: anatumia rangi ya bluu? Inadungwa vivyo hivyo, tezi ya kwanza inageuka bluu, anaiona kwa macho. Teknetiamu haikai stoo, rangi inakaa. Penye uwezo hutumia zote mbili, kwa sababu moja ikikosa tezi, nyingine huipata. Muulizeni pia amezoea kuifanya kazi hii kiasi gani, maana hapa mkono uliozoea ni muhimu sana. Kama mama anameza dawa za msongo wa mawazo aseme mapema, baadhi hugongana na methilini bluu, moja ya hizo rangi. Na akikojoa kijani baada ya upasuaji, msikimbie kwa mganga 😂

Jirani_wa_Kibuye: Asanteni sana. Jumatatu tuko kliniki na hilo swali. Mama anauliza, bluu itatoka kwenye ngozi?

Nesi_wa_Thieta: Hufifia polepole. Kwa wengine alama hubaki miezi.