Programu ya simu kufundishia ambu, inatosha?

MkungaMachame:
Habari za usiku wakuu. Nipo kituo cha afya huku Machame. Tumepokea wauguzi wapya, darasani walifaulu vizuri, ila ambu ya kichanga, ule mfuko wenye maski wa kumpa hewa mtoto asiyepumua, wanaiminya kama chupa ya tomato. Semina ikiitwa Moshi mjini anakwenda mmoja, anarudi na makabrasha, basi. Nimepakua Safe Delivery App, programu ya simu yenye video za kufundishia wanaozalisha. Raha yake, ukishaipakua haili bando, maana huku usiku mtandao mpaka usimame dirishani. Kuna aliyeitumia kufundishia bila mdoli wa mazoezi? Mfawidhi anasema mdoli usubiri bajeti.

BabuWaLeba:
Sista, simu inafundisha mpangilio: mkaushe, msisimue, asipopumua dakika ya kwanza isiishe hujampa hewa. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa 2016 ulionyesha waliopewa programu hiyo ujuzi wao ulipanda, na mwaka ulipopita bado walikuwa mbele ya wenzao. Sibishi. Ila video haikwambii kwamba hewa yako inavujia shavuni.

Anza na hili, halitaki mdoli: bana maski kwenye kiganja, minya. Lazima usikie mkono unakataliwa, na ukizidisha nguvu vali ifoke. Kisha gumba na cha shahada vizunguke maski, vitatu vilivyobaki vishike mfupa wa taya na kuuvuta juu uifuate maski. Wengi wanaikandamiza maski usoni, shingo inakunjika, njia ya hewa inaziba, halafu wanalaumu ambu.

NesiNgaramtoni:
Sisi huku Arusha simu inakaa kwenye stuli, mmoja anaminya, mwingine anahesabu kwa sauti "moja, mbili, tatu". Minya kwenye moja, achia kwenye mbili na tatu. Inakuja kama mara 40 kwa dakika. Na maski: namba 1 kwa aliyetimiza miezi, 0 kwa njiti. Ifunike kidevu, mdomo na pua, macho iyaache.

MkungaMachame:
Shikamoo Babu. Nimejaribu ya kiganja sasa hivi kwenye ambu yetu ya akiba. Inaminyika laini kabisa, hakuna ukinzani. Na kwenye daftari la makabidhiano imeandikwa "nzima".

BabuWaLeba:
Marahaba. Iondoe mezani usiku huu huu. Ifungue uangalie kile kivali cha mpira, mara nyingi baada ya kuoshwa kinarudishwa kimepinda au hakirudishwi kabisa. Ukiifunga, kiganja tena. Wape hao wapya waifungue wenyewe.