HBase au Cassandra kwa usomaji wa mita: ufunguo wa safu tuupangeje?

Mjenzi_wa_Data: Wakuu, tunajenga hifadhi ya usomaji wa mita za umeme. Kila mita inatuma data kila dakika 15. Swali linaloulizwa kutwa ni "nipe usomaji wa mita hii, wa karibuni kwanza". Mara mojamoja tu tunataka mita zote za jana. Kwa HBase (hifadhidata inayogawa data kwenye mashine nyingi) nina mapendekezo matatu ya ufunguo wa safu, yaani thamani inayotambulisha kila safu: wakati utangulie, namba ya mita itangulie, au namba ya ndoo (kundi la safu) ibandikwe mbele ya wakati. Au nihamie Cassandra, hifadhidata nyingine ya aina hiyo?

kisima_cha_baiti: Wakati usiutangulize hata kidogo. HBase inafuata muundo wa Bigtable, hifadhidata ya Google, ule ambao Google waliueleza kwenye makala yao ya 2006: safu zote hupangwa kwa ufunguo, jedwali hukatwa vipande vya funguo zinazofuatana, na kila kipande hupewa seva moja ya kukihudumia. Wakati ukitangulia, kila usomaji mpya unaangukia kipande cha mwisho. Seva moja inaelemewa, nyingine zimekaa tu, na kuongeza mashine hakubadilishi kitu.

Tanguliza namba ya mita. Halafu, badala ya kuandika wakati wenyewe, chukua namba kubwa kabisa ya biti 64 na utoe wakati huo. Kipya kinapata thamani ndogo, kwa hiyo kinakaa juu.

Mama_Seva: Nakuunga mkono, ila mkumbuke mpangilio ni wa baiti, si wa hesabu. "mita10" inatangulia "mita2". Jazeni sifuri mbele, au hifadhini namba kwa baiti 8, baiti yenye uzito mkubwa ikitangulia. Namba hasi nazo zina mtego: biti yao ya kwanza ni 1, hivyo -5 inakuja baada ya 5 mpaka uigeuze biti hiyo.

Mjenzi_wa_Data: Asante dada. Sasa HBase inaipataje safu moja kati ya mabilioni bila faharasa nyingine?

Mama_Seva: Ufunguo ndio faharasa. Kuna jedwali la meta linaloonyesha kipande kipi kiko seva gani. Ndani ya kipande, kila faili limepangwa tayari, limegawanywa bloku za KB 64 kwa kawaida, na lina orodha ya funguo zinazoanzisha bloku. Chujio la Bloom (muhtasari mdogo wa funguo zilizomo kwenye faili) linasaidia kuruka mafaili ambayo hayana ufunguo huo kabisa. Ukiuliza kwa kitu kisichoanzia mwanzo wa ufunguo, utaskani jedwali zima, yaani utalisoma lote.

ndoo_nane: Ndoo zina maana pale swali kuu linapokuwa la wakati. Ndoo 8 zinagawa uandishi mara 8, lakini kila swali la kipindi fulani linageuka maswali 8 ambayo majibu yake lazima uyaunganishe. Na namba ya ndoo itokane na heshi ya namba ya mita, yaani hesabu inayotoa jibu lilelile kila mara kwa namba ileile. Ukiichagua kwa kubahatisha, safu moja utaisaka ndoo zote.

Nodi_Tatu: Kwa swali lenu, mimi ningekwenda Cassandra. Ufunguo wa patisheni (fungu la safu zinazokaa pamoja) unapitishwa kwenye heshi iitwayo Murmur3, na tokeni, yaani namba inayotoka, ndiyo inayoamua nodi (mashine) ya kuhifadhi, kwa hiyo mzigo unasambaa wenyewe. Mpangilio unabaki ndani ya patisheni. Wekeni mita na mwezi kama patisheni, kisha wakati upangwe kushuka. Dakika 15 ni safu 96 kwa siku, 2,976 kwa mwezi wa siku 31. Hapo patisheni haivimbi. Mnachopoteza ni kusoma mita zinazofuatana kwa fungu moja, kitu ambacho HBase inakifanya vizuri sana.

Mjenzi_wa_Data: Na mita zote za jana?

kisima_cha_baiti: Hilo halijibiwi na ufunguo huu, kote kuwili. Andika data mara mbili: jedwali la pili lianze na siku na ndoo, kisha mita. Diski ni nafuu kuliko kuskani kila kitu.

Nodi_Tatu: Naam, na kwa Cassandra siku na ndoo ziwe patisheni kwa pamoja. Siku peke yake itarundika usomaji wote wa leo kwenye nodi zilezile.