Meli inakaa saa chache tu: naweza kutembea mwenyewe Copenhagen, Oslo, Stockholm na Helsinki?

Mwanga_wa_Bahari
Habari wakuu. Safari ya meli ya kitalii inaanzia Copenhagen, inapita Oslo, Stockholm na Helsinki, kisha inarudi Copenhagen. Kila mji meli inafunga gati saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni. Ziara zinazouzwa melini bei zake zimechangamka mno. Inawezekana kuzunguka bila hizo ziara na kurudi kwa wakati? Kipi kionwe na kipi kiachwe? Na viza ya kuingia mara moja inatosha?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Inawezekana, ila usianze na vivutio. Anza na gati. Neno "Stockholm" kwenye ratiba halikuambii utashukia wapi. Ikiwa ni Stadsgården, unatembea kwa miguu mpaka Gamla Stan, ule mji mkongwe. Ikiwa ni Frihamnen, unahitaji basi. Na ikiwa ni Nynäshamn, hapo ni kama kilomita 60 kusini mwa jiji. Tovuti za bandari huweka orodha ya meli kwa tarehe na gati, kwa hiyo itafute meli yako mapema.

Halafu piga hesabu kurudi nyuma. Meli ya saa 11 kwa kawaida hutaka abiria wote wawe ndani nusu saa kabla, na nyingine hutaka mapema zaidi. Asubuhi nayo kuna foleni ya kushuka. Tegemea saa saba za kutembea, si tisa. Meli ikitia nanga nje na kushusha watu kwa boti, punguza saa nyingine moja.

Kwa Stockholm, kama una nafasi ya jambo moja tu, liwe jumba la makumbusho la Vasa. Meli hiyo ya kivita ilizama 1628 katika safari yake ya kwanza kabla haijamaliza hata kilomita mbili. Ilikuwa nzito juu, upepo ukailaza upande, na maji yakaingia kwa matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi. Iliopolewa 1961 ikiwa karibu nzima. Tenga saa moja na nusu hadi mbili. Ukitokea Stadsgården, tembea mpaka Slussen, panda kivuko namba 82 kwenda Djurgården, kisiwa lilipo jumba hilo, kisha malizia kwa miguu.

Kibao_cha_Gati
Naongezea Oslo na Copenhagen.

Oslo ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu gati ziko chini ya ngome ya Akershus, katikati ya mji. Jumba la Opera unalifikia kwa miguu, na kupanda juu ya paa lake ni bure. Mvua ikinyesha, mawe yake huteleza, vaa viatu vyenye mshiko. Bustani ya sanamu za Vigeland nayo ni bure: tramu namba 12 kutoka Aker Brygge inakushusha langoni. Kwa wapenda bahari, kiangazi kuna kivuko kutoka mbele ya Rådhuset, ukumbi wa jiji, kwenda rasi ya Bygdøy. Makumbusho ya Fram (meli ya wavumbuzi wa ncha za dunia) na Kon-Tiki (chelezo kilichovuka Pasifiki) yako jirani pale, na Fram yenyewe unaruhusiwa kuingia ndani. Jumba la meli za Waviking lilifungwa 2022 kwa ujenzi mkubwa, kwa hiyo usifuate vitabu vya zamani. Na siku hiyo amka alfajiri ukae sitahani: meli inapita karibu kilomita 100 ndani ya Oslofjord, na watu wengi huikosa wakiwa usingizini.

Copenhagen, gati ya Langelinie iko karibu na sanamu ya Nguva Mdogo. Ina urefu wa mita 1.25 tu, dakika tano zinatosha. Gati ya Oceankaj iko mbali. Chukua basi mpaka stesheni ya Orientkaj, kisha metro M4 hadi Marmorkirken. Uwe Amalienborg, kasri la kifalme, kabla ya saa 6 mchana, walinzi hubadilishana zamu saa hiyo. Kutoka hapo Nyhavn, bandari ya zamani yenye nyumba za rangi, si mbali. Jumatatu angalia saa za makumbusho kabla ya kutoka, maana kadhaa katika miji hii hufungwa siku hiyo.

Mwanga_wa_Bahari
Shukrani sana. Nimeangalia, gati ni Nynäshamn! Nifanyeje?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Panda treni ya SL, shirika la usafiri wa umma la Stockholm. Ni takriban saa moja mpaka katikati ya jiji, na kwa kawaida hupita kila nusu saa. Tikiti moja ni ya dakika 75, kwa hiyo ukishuka stesheni ya Stockholm City nenda moja kwa moja kwenye tramu namba 7 kuelekea Djurgården kabla haijaisha. Baada ya Vasa, Gamla Stan kidogo, basi. Kurudi, usingoje treni ya mwisho itakayokuwahisha meli; panda inayoitangulia. Kadi ya benki ni lazima, sehemu nyingi Sweden hazipokei noti.

Saa_Mbili_Mbili
Helsinki ina mtego wake: iko mbele kwa saa moja kuliko miji hiyo mitatu. Simu itajirekebisha yenyewe, lakini saa ya meli ni ile anayotangaza nahodha. Soma karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani usiku, na uipige picha pamoja na namba ya wakala wa bandari.

Pale mjini, kivuko cha kwenda ngome ya Suomenlinna kinaondokea Kauppatori, uwanja wa soko, na kuchukua kama dakika 15. Tikiti ya siku nzima ya HSL (shirika la usafiri wa umma la Helsinki), kanda AB, inakifunika pamoja na tramu. Kanisa la Temppeliaukio, lililochongwa ndani ya mwamba, hufungwa kwa watalii ibada ikiendelea.

Kuhusu viza: nchi zote nne ni za Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo kwa njia hiyo kuingia mara moja kunatosha. Meli ikigusa bandari ya Uingereza katikati ya safari, umetoka Schengen, na utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Masharti ya Uingereza ni ya kuangalia kando.