Mrejesho: Corolla 100 inayokunywa mafuta, sensa imepatikana

Wakuu, ile Corolla 100 ya 1994 niliyoililia hapa, moshi mweusi na mafuta kuisha kama maji, imetulia. Shida ilikuwa sensa ya joto la maji ya kupozea injini. Mara mbili duka la spea hapa Malindi liliniuzia ya geji ya dashibodi, yenye pini moja! Inayopeleka habari kwenye kompyuta ya injini ina pini mbili. Safari hii nilibeba ile kuukuu mkononi. Fundi akaichovya mpya kwenye sufuria ya chai, mita ya kupima ukinzani wa umeme mkononi: ikiwa baridi ilisoma omu 1,800 hivi, maji yalipokaribia kuchemka ikashuka hadi mia mbili. Ile kuukuu haikushuka kabisa, ndiyo maana kompyuta ilidhani injini ni baridi muda wote na kuzidi kuimiminia mafuta. Chai, lakini, hatukuinywa. Ahsanteni.