Mafuta ya kupima na lebo ya GMO: tuandikiwe au tusiandikiwe?

Mleta mada (Ngamiani): Wakuu habari za jioni. Juzi nimeingia duka la jumla hapa Ngamiani, Tanga, kuchukua mafuta ya kula, bei ikanivutia nikageuza galoni nisome nyuma, maandishi madogo kama sisimizi, imeandikwa mafuta ya soya basi, soya ya wapi haisemi. Na soya ya Marekani, Brazili na Argentina karibu yote ni GMO, yaani mbegu yake imebadilishwa jeni maabara, hilo si siri. Namuuliza kijana wa duka hii ni GMO? Ananijibu "hiyo ni lita tano mzee".

Sasa swali, mnunuzi ana haki ya kuandikiwa au hana? Mi nasema anayo. Ulaya kiambato kikizidi asilimia 0.9 ya GMO lazima kitajwe na mafuta yamo, Marekani wenyewe walipitisha sheria 2016 ikaanza kubana 2022. Sisi mpaka wa Horohoro huu hapa, bidhaa zinavuka kila siku, na Kenya waliondoa zuio la GMO Oktoba 2022 kesi zikafuatana mahakamani. Kwanini sisi tule tu?

Bwana shamba: Umeanza vizuri mkuu, soya nakubali. Ila watu wa mji huu kila wasichokipenda wanakiita GMO. Nyanya ngumu za Mgandini, tikiti lisilo na mbegu, kuku wa wiki sita, hizo ni mbegu chotara na uzazi wa kuchagua, hamna jeni iliyohamishwa maabara. GMO ni kama mahindi ya Bt, yamewekewa jeni ya bakteria wa udongo ili mdudu bungua akitafuna afe. Kwetu mkulima hajaruhusiwa kupanda hata moja, majaribio ya mahindi yalianza Makutupora Dodoma 2016, baadaye serikali ikayasitisha. Halafu mafuta yakishasafishwa kiwandani ile DNA haionekani kwenye kipimo, ndo maana kanuni za Marekani za 2018 ziliyaacha nje. Sasa TBS, hao watu wa viwango, wapime nini? Mtatisha watu bure kwa mafuta yaleyale.

Mchangiaji wa Raskazone: Lebo ni gharama, na gharama analipa mlaji. Tusijitafutie.

Mleta mada: Bwana shamba hapo kwenye nyanya nimekuelewa, hata mi nilikuwa najua tikiti ni GMO 😂. Ila kupima sio hoja, Ulaya wanafuata makaratasi toka shambani mpaka kiwandani, hawasubiri maabara. Na mi sijasema ni sumu. Hebu tuongee kwa mfano wa hapahapa, nembo ya halali tunaitafuta kwenye kuku wa friji si ndio? Kuna anayempeleka yule kuku maabara? Nyama ni ileile, mtu anataka kujua imechinjwaje, na hakuna anayemwambia unatisha watu. Kwenye soya ndo naambiwa sina elimu.

Bwana shamba: Mfano wa halali umenibana kidogo, sikatai. Ila halali muuzaji anaiweka mwenyewe kwa sababu inamuuzia, wewe unataka alazimishwe kuandika kitu kitakachomfukuzia wateja. Kwanini asiye na GMO asijiandikie yeye kwamba hana?

Mama ntilie Makorora: Jamani nimewasoma wote toka nakaanga mihogo asubuhi. Nyie mnaongelea galoni, mi galoni nanunua lini? Nanunua ya kupima, nakwenda na chupa yangu, anachota kwenye dumu la lita ishirini ambalo lebo ilishabanduka zamani limebaki gundi na vumbi. Mteja wangu anayekula chapati atasoma wapi? Kwenye chapati? Unga nao hivyohivyo, kilo mbili kwenye mfuko wa kaki. Hiyo sheria yenu itawafaa wa supamaketi, Makorora haifiki.

Mleta mada: Dada umenipiga bao, hilo sikuliwaza kabisa. Labda mwenye duka alazimishwe kuweka kibao pale juu ya dumu, mafuta gani, ya wapi, GMO au sio.

Mama ntilie Makorora: Kibao anacho kaka yangu. Ameandika bei kwa chaki, asubuhi moja jioni nyingine.